Kurudi Kundini: Ibada ya Mapokeo katika Parokia za Pembezoni mwa Dar es Salaam

Swali linalochunguzwa hapa ni la kale kuliko Kanisa lenyewe nchini Tanzania: je, mtu aliyeiacha imani aliyobatizwa nayo anaweza kuirudia kwa kuanza na matendo ya ibada, yaani kupiga magoti, kuitikia sala na kufuata kalenda ya mafungo na sikukuu, hata kabla akili yake haijaridhika na mafundisho yanayobebwa na matendo hayo, au ni lazima ashawishike kwanza ndipo matendo yake yawe ya kweli? Katika parokia za Kinondoni na Temeke, na za wilaya zilizomegwa kutoka humo, yaani Ubungo na Kigamboni, swali hili halijadiliwi sana kwa maneno lakini linaishi kila Jumapili, kwa kuwa wengi wa wale ambao jumuiya zao husema wamerudi kundini hawakurudishwa na kitabu wala na mahubiri, bali na msiba, na ugonjwa, na ubatizo wa mjukuu, au na uchovu wa kuhama kutoka kanisa moja la maombezi hadi jingine. Hoja inayotetewa katika kurasa hizi ni kwamba kuanza na ibada si njia ya mkato wala si njia ya watu wasiofikiri, na kwamba kinachowashika waliorudi ni sifa moja ya ibada ya Kikatoliki ambayo mara nyingi huhesabiwa kuwa udhaifu wake, nayo ni kwamba ibada hiyo haitungwi na yule anayeisali, wala nguvu yake haitoki kwa yule anayeiongoza.

Ukatoliki wa jiji hili ni wa wahamiaji kwa sehemu kubwa. Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Pugu mwaka 1888, na Januari 1889 misheni hiyo ikavamiwa wakati wa vita vya Abushiri na baadhi yao wakauawa. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo leo ndilo kanisa kuu la jimbo, lilijengwa kati ya 1897 na 1902. Wakapuchini wa Uswisi wakaipokea kazi mwaka 1921, na mwaka 1953 Dar es Salaam ikafanywa jimbo kuu. Hata hivyo historia hiyo ya mjini haitoshi kueleza imani ya mkazi wa Mbagala au wa Kimara, ambayo mara nyingi ilizaliwa penginepo, katika misheni kama Peramiho iliyoanzishwa 1898, Ndanda ya 1906 au Kilema ya 1891, mahali ambapo kengele, shule, zahanati na katekista vilikwenda pamoja, na mtoto akazijua sala za asubuhi na jioni kabla hajajua kusoma. Aliyeingia jijini kwa Barabara ya Kilwa au ya Morogoro aliziacha nyuma nguzo zote hizo kwa siku moja. Katika mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 5,383,728, hakuna anayemuuliza mpangaji wa chumba kimoja cha Tandika kwa nini hakuonekana kanisani, na mtu anaweza kupitisha miaka mingi bila Misa pasipo kuwahi kuamua kwamba ameacha dini. Wengine waliondoka kwa uamuzi, wakaokoka, kama wanavyosema wenyewe, katika makanisa ya uamsho. Wengine walizuiwa na ndoa zao, jambo litakaloelezwa baadaye kwa sababu uzito wake ni mkubwa kuliko inavyokiriwa.

Kabla ya kwenda mbele, ni vyema kueleza maana ya ibada ya mapokeo, kwa sababu katika nchi za Ulaya na Marekani maneno hayo siku hizi humaanisha karibu kitu kimoja tu, yaani Misa ya Kilatini kwa kitabu cha mwaka 1962, kilichotumika kabla ya marekebisho yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mtaguso huo, ambao Kardinali Laurean Rugambwa, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, alihudhuria, ulitoa hati yake juu ya liturujia, yaani ibada rasmi ya Kanisa, tarehe 4 Desemba 1963. Hati hiyo iliruhusu lugha za watu zitumike zaidi na papo hapo ikaagiza kwamba Kilatini kihifadhiwe, na misale mpya ya Papa Paulo VI ikatangazwa mwaka 1969. Papa Benedikto XVI alipanua ruhusa ya kuadhimisha kwa kitabu cha zamani Julai 2007, na Papa Fransisko akaibana Julai 2021. Mabishano hayo yana uzito wake mahali pake, lakini kuyahamishia Temeke kama yalivyo kungekuwa kosa. Mwamini wa Temeke aliyezaliwa baada ya 1970 hakupokonywa Kilatini, kwa sababu hakuwahi kuwa nacho. Alichorithi ni Misa kwa Kiswahili, Rozari, Njia ya Msalaba ya Ijumaa za Kwaresima, kuabudu Ekaristi Takatifu mbele ya monstransi, majivu kwenye paji la uso, na maandamano ya Jumapili ya Matawi. Hayo ndiyo mapokeo anayoyarudia. Padre Stephen Mbunga wa Peramiho, mtunzi wa muziki, alikwisha kulitafakari jambo hili kabla marekebisho hayajafika, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1963 kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Wabantu.

Ukale wa ibada hiyo haupotei kwa sababu lugha yake ni Kiswahili. Sala ya Ekaristi ya Kwanza, ambayo padre anaweza kuisali Jumapili yoyote huko Chang'ombe au Mwananyamala, ina sehemu ambazo Mtakatifu Ambrosi wa Milano alizijua katika karne ya 4, na ndani yake hutajwa Perpetua na Felisita, wanawake wa Afrika Kaskazini waliouawa kwa ajili ya imani huko Karthago mwaka 203. Msichana wa Mtoni kwa Azizi Ali anayeitwa Felista husikia jina lake likitajwa altareni miongoni mwa mashahidi, na jina hilo lilikuwa humo karne nyingi kabla ya meli yoyote ya mmisionari kutia nanga Bagamoyo.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja. Katika karne ya 4 na ya 5, Kanisa la Afrika Kaskazini lilipasuliwa na Wadonatisti, Wakristo walioshikilia kwamba sakramenti inayotolewa na mhudumu aliyeisaliti imani wakati wa mateso haina nguvu, kwa kuwa mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo, aliyeishi kutoka 354 hadi 430, aliwajibu kwamba anayebatiza kwa kweli ni Kristo mwenyewe, awe mhudumu ni mtakatifu au mwenye dhambi, na Mtaguso wa Trento ukaja kulithibitisha fundisho hilo mwaka 1547 kwa kutamka kwamba sakramenti hutenda kwa nguvu ya tendo lenyewe linapoadhimishwa kama Kanisa linavyokusudia, wala si kwa stahili ya anayeliadhimisha. Kwa msomaji wa haraka fundisho hili huonekana kama kinga ya mapadre wabaya, ilhali kwa hakika ni kinga ya mwamini, kwa sababu humfungua kutoka katika mzigo wa kupima utakatifu wa kiongozi wake kabla ya kuamini kwamba Mungu amemfikia.

Uzito wa jambo hili huonekana wazi kwa mtu aliyepita katika makanisa ya maombezi, ambayo katika miongo ya karibuni yameenea katika kila kona ya jiji, kutoka mahema ya muda hadi majengo makubwa. Hapana haja ya kuyadharau, maana wengi wamepata humo faraja, nidhamu ya kuacha pombe, na watu wa kuwashika mkono walipokuwa hawana mtu. Lakini muundo wa mengi kati yao huufunga uponyaji katika mtu mmoja, nabii au mtume, ambaye upako wake ndio sababu ya watu kukusanyika. Maji na mafuta yana nguvu kwa kuwa yeye ameyaombea, na akianguka, au akihama, au akigombana na wenzake, msingi wa imani ya wafuasi wake hutikisika pamoja naye. Pia muumini hutakiwa daima kuonyesha matokeo: kama hakupona, shaka huelekezwa kwenye imani yake. Aliyeishi chini ya mzani huo kwa miaka, akiongeza mfungo juu ya mfungo na sadaka juu ya sadaka, anapoingia katika Misa ya saa kumi na mbili asubuhi, akamkuta padre mchovu asiye na sauti nzuri akisoma maneno yale yale yaliyosomwa jana, anakuta kitu kilichompungukia bila yeye kujua, yaani neema isiyongoja hisia zake wala kipaji cha anayeisimamia. Wapo wanaouita ubaridi huo wa nje kuwa ni ishara ya kufa kwa roho. Ukweli ni kwamba kwa mgonjwa aliyechoka kupimwa, ubaridi huo ni pumziko.

Hata hivyo kisa kimoja cha jijini humu huzuia hukumu iliyo nyepesi mno. Padre Felician Nkwera, padre Mkatoliki, aliongoza huduma ya maombezi chini ya jina la Bikira Maria, yenye kituo chake Ubungo, ambapo wafuasi wake, waliojulikana kama wanamaombi, walikusanyika kwa ajili ya Rozari ndefu, maji ya baraka na kupunga pepo, huku wakishikilia kwa ukali desturi ya kupokea Ekaristi ulimini wakiwa wamepiga magoti, na kukataa kuipokea mkononi. Mvutano kati ya kundi hilo na maaskofu ulikua hadi, katika miaka ya 1990, likawekwa nje ya ushirika wa Kanisa. Kisa hiki kinafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kiu ya kuponywa na kiu ya heshima ya kale mbele ya Sakramenti zinaweza kukaa katika moyo mmoja, na parokia iliyozipuuza zote mbili haina haki ya kushangaa watu wake wanapozituliza kwingine. Pili, mapokeo yanayoshikwa dhidi ya askofu hugeuka kuwa mali ya kundi, na hapo yanapoteza ile sifa iliyoyafanya yatafutwe, ya kuwa yamepokewa kutoka kwa wengine. Anayepiga magoti ili ajitenge na jirani aliyesimama ameanza kuitunga ibada yake mwenyewe.

Kuhusu marudio ya maneno, jambo ambalo walokole hulitaja mara kwa mara kuwa ni kusali kwa mazoea, mkazi wa Temeke ana mwalimu karibu ambaye Mkristo wa Ulaya hana. Anaishi ukuta kwa ukuta na Waislamu wanaoswali mara tano kwa siku kwa maneno yaliyowekwa, katika lugha ambayo wengi wao hawaizungumzi nyumbani, na hajawahi kumsikia jirani yake akilalamika kwamba swala ya alfajiri ya leo imefanana na ya jana. Tofauti za imani kati ya dini hizo mbili ni kubwa na hazipaswi kufichwa, lakini pwani hii imezoea kwa karne nyingi kwamba sala iliyowekwa humbeba mtu katika siku ambazo hana la kusema. Mwanafalsafa Blaise Pascal wa Ufaransa, katika mawazo yake yaliyochapishwa mwaka 1670 baada ya kifo chake, alimshauri anayetamani kuamini na asiweze kwamba atende kama waaminio watendavyo, atumie maji ya baraka, aombe Misa zisaliwe, kwa maana kizuizi chake hakiko katika hoja bali katika tabia za moyo. Ushauri huo umeitwa unafiki na wengi, jambo lisilo sahihi, kwa sababu mnafiki huigiza ili aonekane, ilhali mtu huyu hutenda ili abadilike, na Mungu anayemwendea anaijua hali yake. Padre Romano Guardini naye alieleza mwaka 1918, katika kitabu chake juu ya roho ya liturujia, kwamba ibada haina faida ya kupimika nje yake yenyewe, na ndiyo maana ina uhuru. Jambo gumu kulielewa katika jiji ambamo kila saa ina bei yake.

Lakini sababu yenye mizizi mirefu kuliko zote, na inayotajwa kwa nadra katika maandishi, ni wafu. Makanisa mengi ya uamsho hufundisha kwamba aliyekufa amekwisha kwenda mahali pake na hapana sala inayomhusu tena. Zaidi ya hayo, baadhi huona katika kuwataja wafu mlango wa mizimu. Mtu aliyelelewa katika familia ambayo marehemu ni sehemu ya ukoo huambiwa kwa namna hiyo kwamba hana tena la kumfanyia mama yake. Kanisa Katoliki, kwa mafundisho yake juu ya toharani, yaani utakaso wa wale waliokufa katika neema lakini bado wanahitaji kusafishwa, na juu ya ushirika wa watakatifu, yaani umoja wa walio hai na waliotangulia ndani ya Kristo, humrudishia tendo. Anakwenda ofisini kwa paroko, anaandikisha nia ya Misa, na jina la mama linasomwa mbele ya watu wote; mwezi Novemba unapoanza, anaungana na waamini wengine makaburini. Hapa mapokeo ya Kanisa na hisia ya Kiafrika hukutana bila kuchanganywa, kwa sababu marehemu haombwi mvua wala hatulizwi kwa sadaka, bali anaombewa. Augustino huyohuyo asimulia katika Maungamo yake kwamba Monika, mama yake, alipokuwa akifa Ostia mwaka 387, mbali na nyumbani kwake Afrika, aliwaambia wanawe wasihangaike na mahali pa kuuzika mwili wake, ila wamkumbuke altareni pa Bwana popote watakapokuwa. Katika jiji ambamo familia huchanga na kukopa ili kusafirisha maiti hadi Songea au Moshi, na ambamo wasioweza huzika Kinondoni au Temeke kwa aibu ya kimya, maneno ya mama huyo Mwafrika yangestahili kuhubiriwa kila mwaka.

Msiba unaongoza moja kwa moja kwenye jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani vikundi vya familia jirani vinavyosali pamoja nyumba kwa nyumba kila juma, ambavyo maaskofu wa Afrika Mashariki walivifanya kuwa msingi wa uchungaji katika mkutano wao wa Nairobi wa mwaka 1976. Katika jiji kubwa jumuiya ndiyo mlango halisi wa kurudi, kwa maana barua yake huhitajika kwa ubatizo na kwa ndoa, na wanajumuiya ndio wanaokesha msibani. Husemwa kwa lawama kwamba wengi hurudi ili wapate watu wa kuwazika. Lawama hiyo haina haki. Kutaka kuzikwa na watu wanaokujua kwa jina na kukuombea kwa sala ulizofundishwa utotoni si tamaa ya chini. Ni kukiri kwamba mtu hatoshi peke yake mbele ya kifo, na pengine hakuna ungamo la imani lililo wazi zaidi ya hilo. Inayopaswa kulaumiwa ni jumuiya inayougeuza msiba kuwa siku ya kulipiza, ikihesabu zaka ambazo marehemu hakutoa.

Kikwazo kigumu hubaki ndoa. Kwa sheria namba 1108 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, ndoa ya Mkatoliki kwa kawaida ni halali ikifungwa mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili, na anayeishi kama mke au mume bila ndoa hiyo hazuiwi kuhudhuria Misa lakini hapokei Ekaristi. Mahari isiyokamilika, gharama za sherehe, ndoa ya bomani, na ndoa za mseto kati ya Mkatoliki na Mwislamu, ambazo katika uswahili wa Temeke si jambo la ajabu, zimewaacha watu wengi wakikaa benchini wakati wengine wanakwenda kukomunika. Ibada kwao ina uchungu ambao mwanatheolojia hapaswi kuupamba. Hata hivyo wapo wanaohudhuria hivyo kwa miaka, na ni sahihi kusema kwamba hao wanaishuhudia thamani ya Sakramenti kuliko anayeipokea bila kujiandaa. Mara nyingi tatizo lao lina suluhisho kisheria, kwa mfano kibali cha askofu kwa ndoa ya mseto, au baraka rahisi siku ya kazi pasipo ukumbi wala keki, ila hakuna aliyewaeleza. Sherehe imekuwa ghali hata ikaifunika sakramenti, na hilo ni kosa la jamii nzima ya waamini.

Vipo pia vinavyoiharibu ibada kutoka ndani: matangazo yanayozidi mahubiri kwa urefu, michango ya tatu na ya nne, kwaya inayowaimbia waamini badala ya kuimba nao. Aliyerudi kutafuta kile ambacho hakikutungwa kwa ajili ya kumpendeza huvunjika moyo haraka akikuta jukwaa.

Linalobaki ni ombi kwa maparoko wa pembezoni mwa jiji. Anayerudi hupita katika kitubio, yaani sakramenti ya upatanisho ambamo mwamini huungama dhambi zake kwa padre na kuondolewa, na sheria namba 986 huwadai wachungaji wawawekee waamini siku na saa za kuungama zinazowafaa. Muuza duka wa Kariakoo anayeishi Chamazi hutoka gizani na kurudi gizani, na saa ya kuungama iliyowekwa Jumamosi mchana haimfai. Padre akae kwenye kiti cha kitubio nusu saa kabla ya Misa ya kwanza ya Jumapili, na saa hiyo ibandikwe mlangoni mwa kanisa na kutangazwa katika kila jumuiya.